Somo la Familia: Dawa ya Kikohozi si Sharubati



Somo la safari hii linahusu chupa ndogo ambayo karibu kila nyumba yetu inayo, juu ya kabati au ndani ya sanduku la nguo. Ni chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, ile tunayozoea kuiita siro. Kwa kuwa ni tamu, na kwa kuwa inauzwa farmasi bila karatasi ya daktari, wengi wetu tunaihesabu pamoja na chai ya tangawizi. Mtoto akikohoa mara mbili usiku, mama anainuka, anapapasa gizani, anamimina kijiko, na nyumba inalala tena.

Mimi ni mchungaji, si mganga. Nilisoma shule ya Biblia, sikusoma shule ya dawa. Haya ninayoandika ni mambo ambayo wauguzi wanatueleza kila mara na ambayo Shirika la Afya Duniani na mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeyatangaza wazi. Nayaleta kwenu kwa lugha yetu kwa sababu karatasi za ndani ya maboksi huandikwa Kifaransa na Kiingereza, na wengi wa mama zetu waliotoka Kivu hawasomi lugha hizo.

Jambo lililofika hadi Kigali

Mwezi wa Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imepima dawa moja ya maji ya watoto, Benylin Paediatric, na kukuta ndani yake kemikali yenye sumu iitwayo diethileni glikoli. Dawa hiyo ni ya kikohozi pamoja na mafua ya mzio, kwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Ilitengenezwa Afrika Kusini mwezi wa Mei 2021, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa Aprili 2024. Toleo lake lilikuwa namba 329304. Lilikuwa limeuzwa Afrika Kusini kwenyewe, Eswatini, Kenya, Tanzania, Nigeria na Rwanda.

Ndani ya siku chache Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, pamoja na zile za Kenya, Tanzania, Afrika Kusini na Zimbabwe, ziliagiza dawa hiyo iondolewe madukani. Hapa Rwanda ilifanyika kwa tahadhari. Hakukuwa na taarifa ya mtoto aliyedhurika. Kampuni yenye jina hilo, Kenvue, ilisema vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo. Ni haki kuyasema yote mawili, ili mtu asitoke hapa akisema mchungaji amesema dawa fulani inaua.

Lakini fikirini jinsi agizo lile lilivyowafikia watu. Lilitaja namba ya toleo. Mwenye farmasi alisoma namba, akatazama rafu yake, akaondoa maboksi. Na wewe uliyekuwa na chupa nyumbani? Kama ulitupa boksi siku ya kwanza, na lebo ya chupa imelowa na kuchubuka, ungejuaje kama chupa yako ni ya namba hiyo au si yake? Na yule aliyenunua dawa yake kwa mchuuzi sokoni, au aliyeletewa na shemeji kutoka ng'ambo ya mpaka ikiwa imehamishiwa ndani ya chupa ya maji, yeye hana namba kabisa.

Kwa hiyo hili ndilo la kwanza. Boksi la dawa halitupwi mpaka dawa imekwisha. Juu yake tafuteni maneno haya, Batch au Lot, ambayo ni namba ya toleo; na EXP, ambayo ni tarehe ya mwisho ya kutumia. Dawa inunuliwe farmasi yenye kibali, ambayo ina mlango, jina, na mtu wa kumrudia kesho kukiwa na shida.

Sumu inaingiaje ndani ya dawa ya mtoto?

Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja, na ni swali zuri, kwa sababu watu wetu wengine wanafikiri kuna mtu anayekusudia kuua watoto wa Kiafrika. Sababu yenyewe ni ya aibu zaidi: ni faida.

Dawa nyingi haziyeyuki vizuri katika maji peke yake. Ili ziwe maji laini na matamu, kiwanda hutumia vimiminika kama glisirini au propileni glikoli, ambavyo vikiwa safi havimdhuru mtu kwa kiasi kinachotumika. Diethileni glikoli ni ndugu yao wa karibu. Ni tamu vilevile, nzito vilevile, haina rangi, na ni ya bei ya chini, kwa maana ni bidhaa ya viwandani inayotumika katika vitu kama mafuta ya breki za magari. Muuzaji asiye mwaminifu anabandika lebo ya dawa juu ya pipa la kiwandani, na kiwanda cha dawa kisichopima kila pipa kinaichanganya. Mtoto akiimeza, inaharibu figo. Anatapika, tumbo linauma, kisha mkojo unapungua na kukoma.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1937 huko Marekani watu zaidi ya 100, watoto wakiwamo, walikufa kwa dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa kemikali hiyohiyo, na ndiyo sababu mwaka uliofuata nchi ile ikatunga sheria kali ya dawa. Nigeria mwaka 2008 watoto 84 walikufa kwa dawa ya meno yanayoota, iliyoitwa My Pikin. Mwaka 2022 nchi ndogo ya Gambia ilipoteza watoto kiasi cha 70, wengi wao wadogo wa chini ya miaka 5, na Shirika la Afya Duniani likataja dawa nne kutoka kiwanda kimoja cha India, tatu za kikohozi na mafua na moja ya mzio. Mwaka huohuo Indonesia walikufa zaidi ya 200, na Uzbekistan nao wakazika watoto. Mwaka 2025 jambo lilelile likatokea India kwenyewe, jimbo la Madhya Pradesh, watoto zaidi ya 20.

Sikuyaandika haya ili tuogope kila chupa. Chupa nyingi mno ni safi. Nayaandika kwa sababu wazazi wale wa Gambia hawakufanya neno lolote baya. Mtoto alikuwa na homa na mafua, wakanunua dawa. Na swali linalobaki moyoni ni hili: mafua yale yalihitaji dawa?

Mafua yanapita yenyewe

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndipo fedha zetu zinapopotelea.

Mafua ya kawaida ya mtoto huletwa na virusi. Hakuna siro inayoua virusi hivyo. Dawa ya kikohozi haiponyi kitu; kazi yake ni kujaribu kutuliza, na walipoichunguza kwa watoto wadogo hawakuona faida ya maana kuliko maji matamu matupu. Kikohozi chenyewe kina kazi. Ndicho kinachotoa makamasi kifuani, kama vile ufagio unavyotoa vumbi ndani ya nyumba. Ukikinyamazisha kwa nguvu, uchafu unabaki ndani.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa Januari 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa hizi za kununua bila karatasi zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, na watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye maboksi kwamba zisitumike chini ya miaka 4. Uingereza mwaka 2009 walikwenda mbele zaidi, wakasema chini ya miaka 6. Kwa maneno mengine, umri uleule ambao sisi tunawanunulia sana ndio umri ambao wenzetu wamekatazwa.

Dawa ya kikohozi yenye kodeini ni habari nyingine, nayo haifai kwa mtoto hata kidogo. Mwilini kodeini hugeuka kuwa mofini, na kuna watu ambao miili yao huigeuza haraka mno, mpaka pumzi ya mtoto inapungua usingizini na kukoma. Watu wa namna hiyo wako kila taifa, na huko Ethiopia wamekutwa ni wengi kuliko mataifa mengi. Tangu 2018 Marekani imezuia dawa za kikohozi za namna hiyo kwa wote walio chini ya miaka 18. Mama anayenyonyesha naye asinywe kodeini, kwa maana inapita ndani ya maziwa.

Tena kuna dawa za kuua bakteria, amoksisilini na wenzake, ambazo wengine wetu huomba kwa majina farmasi kama mtu anavyoomba sabuni. Hizo hazigusi virusi vya mafua. Mtoto akiwa na nimonia zitamwokoa. Akiwa na mafua zitamharisha bure, na siku nimonia itakapokuja huenda bakteria wakawa wamezizoea.

Dawa za mzio na habari ya kumlaza mtoto

Wako watoto ambao kikohozi chao si cha virusi. Kila vumbi la Julai na Agosti linapopanda, au kila mbabula inapowashwa ndani, wanapiga chafya, macho yanawasha, pua inatiririka maji mepesi, na hawana homa. Huu ni mzio, wengi tunasema aleji. Kwa hawa dawa ya mzio inaweza kusaidia, lakini ziko za aina mbili na ni vizuri kuzitofautisha.

Aina ya zamani ni kama klorofeniramini, promethazini na difenihidramini. Hizi zinaleta usingizi mzito. Aina mpya, kama setirizini na loratadini, hazileti usingizi sana, na muuguzi au mfamasia akikubali, mara nyingi hizo ndizo bora kwa mtoto aliyefikisha miaka 2. Juu ya boksi majina haya yataandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kwa tofauti ndogo ya herufi. Ukisoma polepole utayatambua.

Sasa niseme neno ambalo litawaudhi wachache. Wapo kati yetu wanaompa mtoto dawa ya mzio si kwa sababu ana mzio, bali ili alale. Alale katika basi la kwenda Rusizi. Alale usiku wa mkesha, mama aombe kwa utulivu. Alale ili jirani wa chumba cha pili asigonge ukuta. Ninaelewa; nyumba zetu ni chumba kimoja na kuta ni nyembamba. Lakini promethazini imepigwa marufuku kwa watoto wa chini ya miaka 2 tangu 2004 huko Marekani kwa sababu watoto waliipewa wakalala wakaacha kupumua. Mtoto asiyelala katika mkesha abaki nyumbani na mtu, au mama abaki naye. Hakuna mkutano wa kanisa hili unaohitaji mtoto aleweshwe.

Hatari inaongezeka mara mbili zikikutana. Siro nyingi za kikohozi tayari zina dawa ya usingizi ya mzio ndani yake. Mama akimpa siro hiyo jioni, kisha akavunja nusu ya kidonge cha klorofeniramini kwa ajili ya pua, amempa dawa ya namna moja mara mbili bila kujua.

Chupa mbili, dawa moja

Jambo hilohilo la kurudia dawa linatokea zaidi kwa parasetamoli. Dada mmoja wa kwetu, anayekaa upande wa Kimisagara, alileta mfuko wake tukakaa naye pamoja na muuguzi. Alikuwa na siro ya homa, siro ya mafua, na vidonge vya unga vya mtoto, kila kimoja kutoka farmasi tofauti na kwa jina tofauti. Muuguzi alisoma maandishi madogo ya nyuma: vyote vitatu vilikuwa na parasetamoli. Mtoto wake alikuwa anapewa vyote kwa siku moja, asubuhi, mchana na jioni. Parasetamoli ni dawa njema, lakini ikizidi inaharibu ini, na ini haliumi mapema; mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza.

Jina kubwa la mbele ya boksi ni jina la biashara. Jina la dawa yenyewe liko chini yake kwa herufi ndogo, au nyuma. Hilo ndilo la kulinganisha. Farmasi mwambieni mwuzaji kila dawa ambayo mtoto amekwisha kupewa leo, hata ile ya jirani.

Kijiko, na hesabu ya uzito

Kijiko cha dawa ni mililita 5. Kijiko cha jikoni hakijui hivyo. Kipo kidogo kinachobeba mililita 3, kipo kikubwa kinachokaribia 10, na kile cha kulia wali hubeba zaidi. Tumieni kikombe kidogo au bomba lisilo na sindano linalokuja na dawa. Kama halimo, liombeni farmasi. Tikiseni chupa kwanza, maana dawa nyingine hutulia chini, na mtoto wa mwisho ndiye anayepata kali.

Tufanye hesabu moja pamoja, watoto wa sekondari wawasaidie wazazi. Parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 12 basi anahitaji miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja. Kama chupa yako imeandikwa 120 mg/5 ml, yaani kila mililita 5 zina miligramu 120, atapewa mililita 5, isizidi 7 na nusu. Lakini ziko chupa zilizoandikwa 250 mg/5 ml. Kijiko kilekile, rangi ileile, utamu uleule, na mtoto amepata zaidi ya mara mbili. Anayehama kutoka chupa ya Goma kwenda chupa ya Kigali bila kusoma namba hiyo anaweza kuzidisha bila kosa la kijiko.

Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, bora 6, na zisizidi dozi 4 kwa siku nzima, usiku ukihesabiwa. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa asipewe kitu cha nyumbani. Apelekwe kituo cha afya. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16, hasa akiwa na mafua au tetekuwanga, kwa ajili ya ugonjwa mbaya wa ubongo na ini unaoweza kufuata. Katika nyumba yenye watu wengi, mtu mmoja tu awe mwenye kutoa dawa, na aandike saa kwenye karatasi ukutani. Bibi, mama na dada mkubwa wakitoa kila mmoja kwa huruma yake, mtoto anakunywa mara tatu.

Tufanye nini basi nyumbani?

Mengi, na hayana gharama kubwa. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi, au anywe maji, uji mwepesi, mchuzi. Pua ya mtoto mchanga isafishwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na tone la maji ya chumvi ya farmasi kila tundu kabla ya kunyonya. Mtoto mwenye pua iliyoziba hanyonyi, na asiponyonya ndipo anapodhoofika. Aliyepita mwaka 1 apewe asali safi, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai, wakati wa kulala. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeitaja asali kati ya vitulizo salama vya koo. Lakini asiyefikisha mwaka asiionje kamwe, hata kwenye chuchu, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka ashindwe kupumua.

Mbabula itoke nje. Najua mvua ya Aprili, najua mwenye nyumba anayekataza kupikia uani. Hata hivyo moshi wa makaa ndani ya chumba kimoja unamkohoza mtoto, na hakuna siro itakayoushinda. Kama haiwezekani, ikolezwe nje mpaka moshi uishe, na mlango uachwe wazi. Usiku isilale ndani pamoja na watu.

Kufukiza kwa majani ya mikaratusi tumekuta kwa wazee wetu. Kwa mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto, sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza wengi, nami naomba tuache. Na zile mafuta kali za kupaka zenye kafuri zisitiwe puani wala mdomoni mwa mtoto.

Kukata kilimi ni jambo tunalolificha kwa sababu tunajua hospitali wataligombeza. Kwetu Kongo lipo, na majirani zetu Wanyarwanda nao wanalijua kwa jina la ikirimi. Mtoto anakohoa siku nyingi, anapelekwa kwa mzee mwenye wembe au waya, anakatwa kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kilimi hakileti kikohozi. Wanaokatwa wanatoka damu, wanapata vidonda vyenye usaha, na wengine wanazikwa huku nimonia yao haijaguswa. Kama umeambiwa umpeleke, mpeleke kwanza kituo cha afya, hata siku hiyohiyo.

Saa ya kukimbia

Mafua mengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Kikohozi kikizidi siku 14 mtoto apimwe, kifua kikuu kikiwa kati ya mambo ya kutazamwa, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa na kukonda.

Lakini liko jambo lisilongoja siku 14, nalo ni pumzi. Jifunzeni kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi, halii, inua nguo utazame tumbo na kifua. Kila kupanda ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi asiyefika miaka 5 akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka, na huenda ni nimonia. Katika mitaa wako wajumbe wa afya, abajyanama b'ubuzima, ambao wamefundishwa kuhesabu hivyo na wana dawa ya kuanzia kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mjue wako anakaa mlango gani kabla ya usiku wa shida.

Kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila akivuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ametetemeka kwa degedege, amelegea haamki vizuri, midomo imekuwa ya bluu, basi hakuna farmasi tena: ni hospitali. Vivyo hivyo mtoto aliyekunywa dawa akavimba midomo na uso na kukosa pumzi, au aliyepewa siro akaacha kukojoa. Piga 912, gari la wagonjwa. Chukua chupa na boksi lake uende navyo, na useme wazi ulichompa, hata kama ni dawa ya kienyeji. Muuguzi anayeuliza hakuhukumu. Anatafuta dawa ya kupambana na ile.

Juu ya gharama: mwaka 2019 serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana kuwaingiza wakimbizi wa mjini katika bima ya afya ya jamii, mutuelle. Mwenye kadi aitumie mapema. Nimeona mtu akinunua siro tatu kwa wiki mbili, akamaliza fedha, ndipo akaenda kituo ambako angelipa kidogo kuliko siro ya kwanza.

Wengine watauliza kama dawa inapunguza imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimpa Timotheo shauri la tumbo lake. Tuombe huku tumemshika mtoto njiani kwenda kituo cha afya.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

Kila nyumba ilete dawa zake zote za watoto, pamoja na maboksi kama yapo. Someni tarehe ya EXP kwa sauti. Zilizopita zirudishwe farmasi, zisimwagwe mahali watoto wanachezea. Tafuteni chupa mbili zenye majina tofauti ya mbele lakini dawa moja nyuma. Leteni vijiko vitatu vya jikoni na bomba la mililita 5, mpime maji, muone tofauti. Kisha kila mzazi ahesabu pumzi za mtoto mmoja aliyelala, dakika nzima, na aseme amepata ngapi.